Mirija ya Kwa Sumari

Mambo yaliharibika Jumanne, tarehe 13 Julai 1993, siku ambayo darubini ya kituo cha afya ilitoka getini ndani ya boksi la sabuni. Mganga mkuu alikuwa amefungua zahanati yake binafsi Kwa Mrombo, maana wakubwa walishasema sasa ni ruksa, na darubini ikaenda kuanza kazi huko. Saa hiyohiyo Penina, mke wa Sumari, alikuwa anaingia na mkojo wake kwenye chupa ya jamu. Ulikuwa na rangi ya chai isiyo na maziwa. Yona wa maabara aliuangalia kwa macho, akakumbuka kwamba mto wa Maji ya Chai nao una rangi hiyo, akaandika: "Ni maji ya huku." Kufika Krismasi, Penina akazikwa migombani.

Mwaka uliofuata, mkojo uliokojolewa kwa Sumari ulianza kujieleza bila darubini. Ukiuacha kwenye chombo robo saa, mirija ilituama chini, minene kama njiti za kibiriti. Majirani wakaja, wanawake nyuma ya jiko, wanaume nyuma ya zizi. Hakuna aliyeshangaa. Walisema kwa Sumari angalau huambiwi njoo kesho.

Msomaji wa mirija alikuwa Yona, ambaye serikali nayo ilishampunguza kazini. Aliwaeleza kama watu wa mifereji ya shambani: figo lina vijifereji, na uchafu ukigandia humo hutoka na umbo la mfereji, kama tope. Mirija yenye usaha, figo lina maambukizi, wahi dawa. Myekundu, chujio lenyewe linavuja damu. Mipana ya rangi ya nta, figo limekufa siku nyingi.

"Hiyo ya nta," alisema, "usimwambie mtu kabla hajala."

Jumapili moja Brightness, mtoto pekee wa Sumari, aliamka mgongo unamuuma na mkojo umekoza. Sumari aliweka kopo juu ya kichanja cha kahawa, akageukia mlima ili asione.

"Usinifiche, Yona. Ulishakosea mara moja."

Yona aliinama, hakuwa na haraka.

"Mitupu, Baba Brightness. Ni angavu kama ute wa yai. Hii ni kiu tu. Jana alikuwa wapi?"

Alikuwa Kikatiti, kwa mguu, mkungu wa ndizi kichwani, bila tone la maji.

Sumari akakaa chini kwenye tope, na suruali yake ya kanisani, akacheka mpaka kuku wakahama. Wiki hiyohiyo wilaya ilikuwa imejibu malalamiko yake kwa barua kwamba darubini ipo kituoni na ni nzima. Hata hiyo aliicheka.

Brightness alimaliza jagi la pili la maji, akafuta mdomo, akawatazama wote wawili.

"Baba, na ya mama ingekuwa rangi gani?"