Mlingoti wa Nhô Silvério

Tulikuwa tumeshaipa São Filipe kisogo, na volkano ya Fogo inazidi kuwa fupi nyuma yetu, ndipo Nha Domitília, mama muoka mikate, akapiga kelele kwamba mikate inaoga.

Ilikuwa kweli. Maji ya kati ya visiwa vya Fogo na Brava hayana adabu, na dirisha la mbele la boti halikufungwa sawasawa. Mikate mia moja na ishirini ya sikukuu ya Mtakatifu Yohana, mingine umbo la njiwa, mingine la mtoto, ilikuwa kitandani kwa Nhô Silvério, mzee mwenye boti, inakunywa chumvi. Meli ya unga haikufika Brava mwezi ule, kwa hiyo mama huyu alikwenda kuoka Fogo, na sisi, Nhô Silvério na mimi baharia wake, tukampa lifti.

"Itundikeni juu ikauke!"

"Juu wapi, mama?" nikauliza.

"Mlingoti huo wa nini? Wa kujikunia mgongo?"

Nikapanda na uzi, nikaifunga yote. Nhô Silvério alishika usukani. Alikuwa na jambo lake. Miaka thelathini na mmoja alishona viatu kiwandani Amerika ili anunue chombo hiki, na mkewe, Nha Fidélia, alimpa sharti moja kule Mindelo: kizungushe visiwa vyote tisa vyenye watu, ukikirudisha bila mkwaruzo nahamia humo nawe, ukikigonga popote unakiuza. Vinane tulishavimaliza. Brava kilikuwa cha tisa. Kila jioni alikipapasa ubavuni kama daktari.

Tukaingia Furna, bandari ya Brava, saa nne asubuhi. Ngoma zilikuwa zinalia gatini. Zikanyamaza. Halafu zikalia mara mbili zaidi, na watu wakaanza kushuka mlima wakikimbia.

"Wameleta mlingoti kwa bahari!" mtu akapaza sauti.

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Juu mjini Nova Sintra, mbele ya kanisa, palikuwa na gogo lao la sikukuu, tupu, linangoja kufungwa mikate na kusimikwa, watu waipore. Na sisi tumekuja na mlingoti uliokwisha kuvishwa.

"Mikate ni yenu, jamani," Nhô Silvério akasema. "Naifungua sasa hivi."

"Thubutu!" Huyo alikuwa Nhô Quintino, mshika bendera wa mwaka ule, yaani msimamizi wa sikukuu. "Mkate ukifungwa mlingotini siku ya leo haufunguliwi, mzee. Unaporwa."

"Mlingoti wenyewe ni wa alumini!"

"Mtakatifu aliuliza ni wa nini?"

Vijana sita wakarukia boti, wakaanza kuupanda mlingoti. Boti ikalala upande, ubavu mweupe ukasogea kwenye mawe ya gati, pakabaki upana wa kiganja.

"Shukeni! Mtanikwaruzia!"

"Basi tuulete chini," akasema mmoja mwenye shoka.

Nhô Silvério akatazama shoka, akatazama mawe, akatazama ule upana wa kiganja. Akaingia ndani, akatoka na spana mbili.

"Mnauangusha kwa spana," akasema. "Nati moja moja. Na mtu asivae viatu."

Nimesafiri sana, sijapata kuona watu wakifanya fujo kwa uangalifu namna ile. Wanaume arobaini walivua viatu. Wanawake waliimba nyimbo za matusi za siku hiyo kwa sauti ya chini, wasije wakamtetemesha aliyeshika spana. Mlingoti ukanyanyuliwa, ukawekwa mabegani na mikate yake, ukapandishwa mlima mpaka Nova Sintra. Nhô Silvério alifuata peku akisema, "Kona! Kona, baba!" Saa kumi ukasimikwa, wakaupora, naye mzee akapata njiwa mmoja wa mkate aliyevunjika bawa.

Kesho yake hakuna aliyekubali kuung'oa. Walisema umeshabarikiwa.

Nha Fidélia alikuja kwa feri wiki iliyofuata. Aliizunguka boti kwa kidole kutoka mbele hadi nyuma. Hakuona mkwaruzo. Alifunga nyumba ya Mindelo, akahamia. Wanaishi Furna ndani ya boti, na boti, bila mlingoti wa tanga, haiendi popote. Nha Domitília anaoka Brava siku hizi. Nhô Quintino alikufa kwa figo. Mlingoti umesimama mbele ya kanisa. Mwaka jana waliupaka rangi ya kijani. Mimi nilipanda chombo kingine kwenda Maio.