Mtumishi Anatazama Ukuta

Mwalimu wa fasihi alikuwa ameshika penseli, tayari kumfuta mtu. Mkuu wa idara alishatoa amri asubuhi: tamthilia ni ndefu mno, onyesho ni kesho, na yule mtumishi hana kazi yoyote, aondolewe. Na kweli, katika kurasa tisini anabeba trei na kusema "Ndiyo, bwana" mara tatu, basi. Mwalimu alikuwa na mwaka wa kumi na nane akiifundisha tamthilia hiyo kongwe ya ng'ambo, habari za bwana mwenye mashamba aliyejitwalia nchi isiyo yake, na kila mwaka aliwaambia wanafunzi kwamba msiba wote ni wa bwana. Mtumishi alimhesabu pamoja na viti.

Wanafunzi walitaka abaki, ila hoja hawakuwa nayo. Isitoshe, kijana aliyepewa nafasi hiyo alibeba trei kama mtu anayefukuzwa na nyuki. Glasi zikagongana, maji yakamwagika, wenzake wakacheka mpaka mbavu zikawauma.

"Hivyo hashiki mtu," ikasema sauti mlangoni.

Alikuwa baba yake mwalimu, kamletea miwani aliyoisahau nyumbani. Uso wa mwalimu ukawaka moto. Pale chuoni alishawaambia watu kwamba baba yake ni karani mstaafu. Ukweli ni kwamba mzee alipika, akafua na kuandaa meza katika nyumba ya mkoloni kwa miaka ishirini na miwili, na ni trei hiyo iliyomsomesha binti huyu mwenye haya nyingi.

"Hebu tuonyeshe basi, mzee wetu," wanafunzi wakasema, nusu kwa utani.

Mzee akavua viatu bila kuambiwa. Akaichukua trei, na glasi hazikutoa hata mlio. Hakukatiza katikati ya chumba. Aliambaa na ukuta, akaja kusimama nyuma ya bega la kushoto la mwanafunzi aliyeigiza bwana, mahali ambapo bwana hamwoni lakini hahitaji kumwita. Vicheko vikakatika vyenyewe.

Bwana akaanza maneno yake makubwa, ya kumlilia mtoto wake aliyekufa kwa homa. Hapo mwandishi ameweka maelekezo mafupi: mtumishi anatazama ukuta. Mwalimu alizoea kufafanua kwamba maskini wa Mungu haelewi lugha, yuko zake. Sasa akamwona baba yake, ambaye hajawahi kuufungua mswada ule, akiinua uso taratibu na kuugeuzia ukutani, maneno yale yale yalipofika. Ilikuwa kana kwamba mtu ametoka ndani ya kitabu akiwa na mikono ya baba yake.

"Baba," akasema, "nani kakwambia ugeuke?"

"Nani aniambie? Mtu anamlilia mtoto wake mbele yako, na wewe wako umemzika juzi. Utatazama wapi? Ukimtazama utalia. Ukilia atakuuliza, wewe nawe una nini?"

"Wako yupi, baba? Si mimi ndiye wa kwanza?"

"Wewe ni wa pili, mwanangu." Mzee akaitua trei mezani, pole pole. "Wa kwanza alikaa miezi minane. Homa ile ile iliyomchukua mtoto wao. Nilipewa ruhusa ya nusu siku, nikazika, jioni nikarudi kuandaa meza."

"Aliitwa nani?"

Mzee akalitaja jina. Lilikuwa jina lake yeye mwalimu, aliloliitikia tangu utotoni bila kujua kwamba kuna mwenzake aliyelitangulia.

Mwanafunzi aliyekuwa bwana alishasimama kitambo, akamwachia mzee kiti. Mwalimu alimtazama baba yake kwa mshangao uliomzidi kimo, akajiona mjinga, na ujinga huo ukampa furaha ya ajabu. Miaka kumi na minane alikuwa akifundisha nusu ya tamthilia, na nusu ya pili ilikuwa ikilala chumba cha pili nyumbani kwake.

Mlango ukafunguliwa. Mkuu wa idara akachungulia, haraka zake kama kawaida.

"Vipi, mwalimu, yule mtumishi umeshamfuta?"

Mwalimu akaenda akasimama nyuma ya kiti, akaweka mkono begani kwa mzee.

"Huyu ni baba yangu," akasema. "Hakuwa karani. Alikuwa mtumishi. Penseli hiyo hapo, mfute wewe."