Nyumba Isiyo na Moshi

Hilaria alikuwa mlinzi wa ndege. Kwenye makaratasi ya shamba la ngano la serikali, kule uwanda wa Hanang upande wa Dirma, kazi yake ilikuwa na jina refu zaidi, lakini yeye akiulizwa alijibu hivyo hivyo: mlinzi wa ndege. Mashine kubwa zilivuna ekari zisizohesabika, ila vitalu vya majaribio, ambamo mabwana shamba walipanda mbegu mpya mstari kwa mstari, viliachwa mikononi mwa mama huyu wa miaka hamsini na kitu, mwenye kombeo, debe bovu na sauti iliyovuka bonde.

Mwaka 1982 shamba lilipewa banda kwenye maonyesho ya Sabasaba, Dar es Salaam. Bwana shamba Didas, kijana mwenyeji wa Rombo, akasema watu wa mjini wanaijua ngano ikiwa mkate tu. Safari hii wapelekewe ikiwa imesimama. Yakatengenezwa makasha kumi ya mbao, yakajazwa udongo mweusi, ngano ikahamishiwa humo ingali na mizizi yake yote. Masuke yalikuwa yameanza kugeuka rangi.

"Sasa nani ataziangalia njiani?" akauliza dereva wa lori, mzee mmoja wa Kibarabaig aitwaye Gidahosh. "Mimi macho yangu yako mbele."

Ndipo Hilaria akaitwa. Alipanda nyuma ya lori na makasha yake, chini ya turubai, akazifunga zile ngano mafungu mafungu kwa kamba za katani ili upepo usizilaze. Siku mbili nzima, Babati, Arusha, Moshi, Korogwe, alikuwa akizinyunyizia maji kwa kiganja kama mtu anayemwosha mtoto. Walipofika Dar es Salaam, joto lilimpokea kama mvuke wa sufuria iliyofunuliwa. Aliruka chini, akahesabu makasha, akahesabu mafungu. Hakuna hata shina moja lililovunjika.

Siku ya kwanza ya maonyesho watu walijaa bandani. Ilikuwa miaka ile ya foleni, mkate ukiupata unauficha kwenye kanga. Akina mama waliinama kwenye makasha, wakayashika masuke, wakanusa.

"Kumbe ngano ipo!" mmoja akapaza sauti. "Mbona dukani kila siku tunaambiwa haijafika?"

Didas alijifuta jasho, akaanza kueleza habari za usafiri na vinu. Hakuna aliyemsikiliza. Walimtaka Hilaria. Walimwuliza ngano inalimwa mwezi gani, inapaliliwa mara ngapi, kule kwao baridi ni ya kiasi gani. Naye aliwajibu kwa Kiswahili chake cha milimani, taratibu, akiwaonyesha kwa mikono. Alishangaa jinsi watu walivyomsikiliza. Kule shambani waliomsikiliza walikuwa ndege tu, nao kwa sababu ya debe.

Siku ya pili wakaja kunguru.

Hilaria alizoea kwelea kwelea, ambao huja maelfu na kukimbia maelfu. Kunguru wa Dar es Salaam ni kitu kingine. Wanakuja wawili, wanasimama juu ya bati, wanakutazama usoni kama wadai. Ukigeuka, suke limekwenda. Hilaria akatoa kombeo kwenye mfuko.

"Mama Patriki!" Didas akamshika mkono. "Hapa wanapita viongozi. Ukimpiga mtu jiwe la kichwa, mimi na wewe tutalala ndani."

Basi Hilaria akazunguka kwenye mabanda ya jirani akiwaza. Kwenye banda la mafundi redio aliona kaseti zilizoharibika zimetupwa kwenye boksi. Akaziomba. Akauchomoa utepe wake, mweusi, mwembamba, akautandaza juu ya makasha kutoka nguzo hadi nguzo, akiukaza vizuri. Upepo wa bahari ulipopita, ule utepe ukaanza kuvuma na kumeremeta. Kunguru walitua batini, wakasikiliza, wakapinda shingo huku na huku, wakaondoka. Hawakurudi tena siku ile wala kesho yake.

Didas alifurahi hata akasahau ukubwa wake. "Mama Patriki, kesho kutwa pumzika. Nitakaa mimi bandani. Mzee Gidahosh anakwenda kutafuta beringi ya lori upande wa Barabara ya Bagamoyo. Panda naye, ukaone mji. Kuna makumbusho kule, nyumba za makabila zimejengwa uwanjani. Usirudi Dirma ukiwa umeona kunguru peke yake."

Ndivyo Hilaria alivyofika Makumbusho ya Kijiji, asubuhi, kwa lori la ngano. Gidahosh alimshusha getini, akasema atampitia akishapata beringi. Mlinzi wa ndani, mwanamume mfupi mwenye kofia nyeupe, alimpokea.

"Karibu, mama. Mimi naitwa Pazi. Umetokea wapi?"

"Mbulu, upande wa Daudi, ila nafanya kazi Hanang."

"Mbali huko. Basi tembea taratibu, nyumba ni nyingi."

Hilaria alitembea taratibu. Aliingia nyumba za makuti, nyumba za mviringo, nyumba moja iliyofunikwa nyasi kuanzia kilele hadi chini, yenye giza zuri. Aliinama kila mlangoni na kupiga hodi, ingawa hapakuwa na mtu. Alizisifu moyoni. Kisha akatokea mbele ya nyumba pana, fupi, ya udongo, paa lake limelala kama ardhi yenyewe, na miguu yake ikasimama bila kuamriwa.

"Hii ya nani?" akauliza.

"Hiyo tembe ya Wagogo," Pazi akajibu.

Haikuwa ya kwao. Nyumba alimozaliwa, kule Daudi, ilichimbwa kwenye ubavu wa kilima, mbuzi wakipita walitembea juu ya paa. Lakini zilikuwa ndugu, zilifanana kama watoto wa shangazi na mjomba. Hilaria aliingia. Baridi ya udongo ikampokea mabegani, akajisikia mtoto. Alijua bila kuonyeshwa pa kuweka mtungi, pa kulaza ndama, pa kukaa mgeni. Tangu walipohamia nyumba za bati hakuwa ameingia kwenye nyumba ya namna hii. Alikaa juu ya kigoda, akapumua.

Hapo ndipo kitu kama unga kikamwangukia mkononi.

Akautazama ule unga. Akatazama juu. Akasimama, akaipapasa nguzo ya kati, akaikandamiza kwa kidole gumba. Kidole kikazama.

"Bwana Pazi!" akaita. "Njoo uone. Nyumba yenu inaliwa."

Pazi aliingia, akatikisa kichwa kwa huzuni. "Mchwa na fukusi, mama. Tunajua. Nguzo hizi zimebadilishwa mara mbili. Tunapaka dawa, tunapaka oili chafu. Haisaidii."

"Na moto mnawasha lini?"

"Moto?" Pazi akashtuka. "Hapana, mama! Kanuni hairuhusu moto humu. Hii ni makumbusho."

"Sasa unatunza nini? Mwaka kesho utakuwa unatunza kichuguu." Hilaria alisema bila ukali, kama anavyomwambia mkwe wake. "Nyumba ya namna hii inaishi kwa moshi. Mama yangu alipika humo kila siku, nguzo zikawa nyeusi kama makaa, ngumu kama chuma. Mdudu hathubutu kula masizi. Nyumba tuliyozaliwa sisi saba, babu yangu ndiye aliyeijenga, na sikumbuki nguzo kubadilishwa."

Pazi alisita, akakuna kichwa chini ya kofia. Mwishowe akatoka, akarudi na mkubwa wake, mwanamke mrefu mwenye miwani, jina lake Bi Veronica. Alikuwa na daftari mkononi na uso wa mtu aliyekatizwa kazi.

"Shikamoo mama. Naambiwa unataka kuchoma nyumba yetu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka kuiponya. Lete kidole chako."

Alimshika mkono yule mkubwa wa makumbusho, akakiweka kidole chake kwenye nguzo, akakisukuma. Kikazama hadi kwenye kucha. Bi Veronica akakichomoa, akautazama ule unga mweupe kwa muda. Aliuliza maswali: moto wa ukubwa gani, mahali gani, mara ngapi kwa wiki, je, nyasi za paani hazishiki? Hilaria alijibu moja baada ya jingine. Juu ya nyasi kuna udongo. Moto ukiwa mdogo hauna njia. Kinachotakiwa kupanda ni moshi, si ndimi.

"Bwana Pazi," akasema Bi Veronica, "lete ndoo mbili za maji na moja ya mchanga. Tutajaribu mbele ya macho yangu."

Pazi akaleta na gunia la mkaa. Hilaria akacheka hadi akashika mbavu. "Mkaa ni moto wa mjini, hauna moshi! Nitafutie kuni mbichi kidogo, na magunzi ya mahindi kama yapo, na majani."

Alipanga mafiga matatu katikati ya chumba, akapiga magoti, akapuliza. Kwanza hapakuwa na kitu ila machozi. Kisha moshi ukasimama, ukagusa boriti, ukatandaa polepole kama maziwa kwenye chai, ukaanza kutafuta njia zake mwenyewe katika nyufa za paa. Fukusi mmoja akadondoka, akafuatwa na wengine. Pazi alipiga makofi.

Nje kulikuwa na wageni ambao hawakujua habari. Waliona paa zima la tembe linafuka. "Moto! Moto!" mtu akapiga kelele, watu wakakimbia huku na huku. Gidahosh, aliyekuwa ndio kwanza anafika getini na beringi yake imefungwa kwenye gazeti, alisikia ukelele akadhani Mama Patriki anaungua. Akachomoa dumu la maji kwenye lori, akaja mbio na umri wake wote, akainama mlangoni tayari kumwaga.

"Weka chini hilo dumu, mzee!" Hilaria akamwambia kutoka kwenye moshi. "Utaniharibia kazi."

Gidahosh alisimama akihema. Akamtazama Hilaria amekaa kwenye kigoda na macho mekundu, akamtazama yule mkubwa mwenye miwani aliyekuwa anakohoa kwenye leso huku akiandika. Aliweka dumu chini. Akavuta hewa puani, mara moja, mara ya pili. Kisha akakaa chini ukutani, akanyoosha miguu.

"Hapa pananukia nyumbani," akasema.

Walikaa. Wale wageni waliokimbia wakarudi mmoja mmoja, wakachungulia, wakaingia. Nyumba ambayo watu walikuwa wanaipita kwa dakika moja sasa ilijaa, kila mmoja amejikunja chini ya moshi ambako hewa ni safi. Mwanamke mmoja alisema bibi yake wa Manyoni alikuwa na nyumba hii hii, akaanza kusimulia. Gidahosh naye, ambaye njia nzima kutoka Hanang alisema maneno kumi tu, akaeleza jinsi boma linavyojengwa kwao, na mahali walipokuwa wakichunga kabla ya uwanda kulimwa ngano. "Nilichunga pale nikiwa kijana," alisema. "Sasa nabeba mbegu zake." Hilaria akasogeza gunzi motoni, akamwambia asimulie na habari ya ng'ombe wake yule mwekundu aliyekuwa anafungua zizi kwa pembe. Akasimulia, watu wakacheka.

Kabla hawajaondoka, Bi Veronica aliwafuata hadi kwenye lori.

"Mama, paa nalo lina nyufa. Unajua kulisiriba?"

"Samadi, majivu na udongo mwekundu. Ni kazi ya siku moja nikipata msaidizi."

"Unaweza kuja kesho? Pazi atasaidia. Na yeye ndiye atakayewasha moto kila Jumatatu na Ijumaa. Nataka umfundishe vizuri, amezidi kupenda mkaa."

Hilaria alimtazama Gidahosh. Gidahosh alitazama beringi. "Hii beringi," akasema polepole, "huenda isiingie. Huenda kesho ikabidi tuje kuibadilisha."

Bandani walimkuta Didas hoi, tai iko begani. Utepe mmoja ulikuwa umekatika saa sita, na kunguru walikuwa wamejua kabla yake. Lakini makasha tisa yalikuwa mazima, na watu walikuwa bado wamepanga mstari kuyaona. Aliinua kichwa, akanusa.

"Mama Patriki, unanuka moshi! Nilikupeleka makumbusho, wewe ulikwenda wapi?"

"Makumbusho," Hilaria akajibu, akikaa chini na kuvua viatu. "Na kesho narudi. Wamenipa kazi."

"Kazi gani tena?"

Alimweleza, na katikati ya maelezo kunguru mmoja akatua batini. Didas alinyanyuka haraka kumfukuza, mikono juu, akipiga kelele za kila namna. Hilaria alimwangalia kwa muda akitabasamu. Hakuwa anafanya vibaya, ila sauti yake ilitoka kooni, nayo inatakiwa kutoka tumboni. Akaanza kumwelekeza.