Kitambulisho Ndani ya Kopo la Biskuti

Kila asubuhi, kabla hajagusa mashine ya ovaloki, fundi alitoa kitambulisho chake na kukitumbukiza kwenye kopo la biskuti la shangazi yake. Ndiyo ilikuwa sheria ya duka. Mafundi wote wa ile safu ya vibanda waliokuja kuazima ovaloki waliacha kadi, wakapiga kingo za nguo zao, wakalipa, wakachukua kadi. Shangazi hakuwa na upendeleo.

"Hata marehemu kaka yangu angefufuka leo, angeacha kadi," alikuwa akisema, na wateja wanacheka.

Fundi naye alicheka. Huyo kaka ndiye aliyekuwa baba yake. Alipofariki, shangazi alimchukua akiwa na miaka sita, akamfundisha kutia uzi kwenye sindano, na darasa la saba lilipoisha akamkalisha kwenye cherehani. Kuanzia hapo hakuinuka.

Mwaka huu mlango ukamfungukia. Shule ya jirani ilitaka sare mia mbili. Mwalimu mkuu alitoa sharti moja: kufikia Jumatatu awe na ovaloki yake mwenyewe, maana mafundi wa kuazima walishamchosha. Fundi akaenda mbio chama cha akiba kuomba mkopo. Karani alibonyezabonyeza kompyuta, akatikisa kichwa.

"Umekataliwa, dada. Kumbukumbu za mikopo zinasema una madeni."

"Mimi? Sijawahi kukopa hata sindano."

"Kawaulize wanaozitunza. Mimi nasoma tu kilichoandikwa."

Kwenye duka la steshenari, mwenye duka alimwambia ripoti ya mikopo anaitoa kwa elfu tano. Fundi alikuwa ameshaanza kufungua fundo la kanga pale nesi mmoja aliyesubiri kutoa kopi alipomshika mkono.

"Mwanangu, usimpe. Ile ni bure, mara moja kwa mwaka, haki ya kila mtu. Unaweza kuiomba kwa simu, au nenda ofisini kwao na kitambulisho, ujaze fomu, basi."

"Nesi, kwani wewe unatibu bure?" mwenye duka aliuliza.

"Sitibu bure. Lakini maji ya mvua siyauzi."

Ofisi ya kumbukumbu za mikopo ilikuwa ghorofa ya tatu, lifti mbovu. Fundi alijaza fomu, akaonyesha kadi, na afisa akampenyezea karatasi mbili chini ya kioo. Kweli, hakulipishwa hata senti. Alisoma taratibu, kidole kikifuata mstari. Mikopo mitatu ya simu, yote ya mwaka jana, yote haijalipwa. Pembeni ya kila mmoja, namba ya simu ya mkopaji.

Namba hiyo hakuhitaji kuisoma mara mbili. Ilikuwa imeandikwa kwa rangi nyekundu ukutani dukani kwa shangazi, juu ya kichwa chake anapokaa. Mwenyewe ndiye aliyeshikilia stuli siku mchoraji alipoiandika.

"Si mimi niliyekopa," alisema.

"Basi pinga. Lete hati ya polisi, na kwenye fomu hii andika unayemshuku. Tukithibitisha, tunafuta."

Kisanduku kilikuwa kidogo, kinatosha jina moja. Fundi aliishika kalamu mpaka ikamlowa kiganjani.

"Dada, kalamu ni ya ofisi. Wenzako wanasubiri."

Akairudisha, akaikunja fomu tupu.

Alimkuta shangazi anapunguza nyuzi. Hakumsalimu kwanza, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Aliweka karatasi mezani. Shangazi aliitazama ile namba, akaweka mkasi chini.

"Nilijua nitalipa kabla hujagundua."

"Mitatu, shangazi?"

"Wa pili ulikuwa wa kulipa wa kwanza."

"Na wa tatu?"

"Kodi ya hapa. Wangefunga, ungeshonea wapi?" Akaokota uzi mezani. "Jina langu lilishachafuka zamani, mwanangu. Lako ndilo lilikuwa safi."

Fundi alitafuta hasira, akaona uchovu tu.

"Basi nipe hii ovaloki. Nimwambie mwalimu ni yangu."

"Si yangu tena. Nimeiweka rehani. Mwisho wa mwezi wanakuja kuibeba." Shangazi alikuwa anautazama mlango. "Utanipeleka polisi?"

Fundi aliichana ile fomu mara mbili, akatupa vipande kwenye boksi la vitambaa.

Jumatatu ilikuja ikapita. Vitambaa vya sare vilipita nje ya duka begani kwa fundi mwingine. Mchana mama mmoja alileta sketi, akaomba ipigwe ovaloki upesi, anasafiri. Fundi akainuka. Shangazi, kwa mazoea, alikuwa ameshafunua kopo. Alipotambua alichofanya, mkono ukabaki na mfuniko hewani.

Mama wa sketi alikuwa anatazama saa.

Fundi akatoa kadi, akaitumbukiza, akaketi chini ya ile namba nyekundu.