Hesabu Mpaka Tatu Kabla ya Kuwasha

Ilikuwa siku ya tatu Suame, mtaa wa mafundi wa magari mjini Kumasi, na Maame Birago hakuwa tena na miguu ya kusimama. Tangu asubuhi alikuwa amekaa juu ya tairi kuukuu, moshi wa kuchomelea unamwingia puani, nyundo zinagonga kila upande, na mbele yake gari la bintiye limefunguliwa kama samaki anayeparwa.

Bintiye huyo, Pokuaa, ni nesi huko Nkoranza. Jumamosi angekuja Kumasi kulichukua, arudi nalo na watoto wake wawili kwa ile barabara ya mlima wa Mampong, yenye kona na malori. Gari lilikwenda vizuri. Ila taa moja ya njano kwenye dashibodi, ile ya breki yenye herufi ABS, ilikuwa haizimiki.

Fundi wa kwanza alibadilisha fyuzi. Taa ikawaka. Wa pili alisafisha vichwa vya betri, akamuuzia kifaa kilichotolewa kwenye gari la ajali. Taa ikawaka. Wa tatu alikuwa Gyasi, mdogo wa umri, mkubwa wa mdomo.

"Maame, hili ni la waya. Waya zenyewe ni nyingi kama nywele. Nikizifuata moja moja, njoo Jumatatu."

"Jumatatu? Leo Alhamisi, na mwanangu anakuja keshokutwa!"

"Sasa unataka nifanyeje?"

Hapo ndipo alipokosea, na hakuna aliyemshika mkono kumkataza. "Izime tu, mwanangu. Nimechoka kuiona."

"Izimike tu?"

"Izimike."

"Ungesema tangu asubuhi, Maame! Saa hizi tungekuwa tumeshakula."

Gyasi alifungua dashibodi, akaingiza kichwa, akatoka. Haikufika robo saa. Alizungusha ufunguo, taa zote zikawaka. Injini ikanguruma, zote zikazimika. Maame Birago alipiga makofi. Akamnunulia kenkey mbili, matonge ya unga wa mahindi, na samaki wa kukaanga, kwa furaha yake mwenyewe.

Njiani kurudi nyumbani alipita kwa Wofa Adomako, mjomba wake, aliyekuwa fundi umeme wa magari miaka arobaini mpaka mgongo ulipokataa. Alikwenda kumwonyesha gari kama mtu anavyoonyesha mtoto aliyepona.

Mzee aliingia taratibu, akazungusha ufunguo nusu, injini hakuiwasha. Taa zikawaka. Akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu. Vidole vya mikono yote miwili vikaisha. Akaendelea kuitazama dashibodi.

"Wofa, si uwashe?"

"Naingoja taa yako ya breki izimike."

"Itazimika ukiwasha injini. Nimeiona kwa macho yangu."

"Ndicho ninachokiogopa. Taa ya oili inangoja injini, na ya betri pia. Hii haingoji mtu. Ukifungua swichi inajipima, sekunde tatu nne hivi, inazimika yenyewe, injini bado imelala." Akawasha. Ya oili na ya breki zikazimika pamoja, kama watu walioshikana mikono. "Umeona? Fundi wako ameunga waya zao, ameiozesha ya breki kwa ya oili. Mume akiondoka, mke anamfuata. Hivi ndivyo wanavyofanya mtu akitaka kuuza gari bovu. Wewe Birago, unamuuzia nani?"

Birago alitazama chini. "Nilimwambia aizime."

"Hukumwambia atafute kinachoiwasha?"

"Nilimwambia aizime, Wofa."

"Basi amekupa ulichoagiza. Na chakula ukamnunulia?"

"Kenkey. Na samaki."

Mzee alicheka mpaka akakohoa. Birago hakucheka. Alikuwa amechoka hata kucheka.

Siku ya pili yake Wofa alikata kile kiungo cha Gyasi, na taa ya njano ikarudi kuwaka vilevile. Kisha akachukua taa yake ya kupimia, balbu ndogo yenye waya mbili, akaifuata njia ya umeme kutoka kwenye dashibodi kwenda nyuma, akipima hapa, akipumzika, akipima pale. Birago alimshikia mgongo kila alipoinama. Jioni wakafika kwenye gurudumu la nyuma, kushoto, wakaliinua na kulifungua.

Kishikizo cha kubana waya kilikuwa kimevunjika. Waya wa ile ABS na paipu ya mafuta ya breki vilikuwa vimelegea pamoja, vikisuguliwa na tairi. Waya ulikuwa umeshakatika. Paipu bado, lakini ilikuwa imekwisha unene, na Wofa alipopitisha kidole kikatoka kimelowa.

"Waya umetangulia," alisema. "Hii ilikuwa inafuata."

Birago alikaa chini, kwenye vumbi, na kitenge chake cha Ijumaa. Aliuona mlima wa Mampong. Aliona lori mbele, na vichwa viwili vidogo kwenye kiti cha nyuma.

Jumamosi Pokuaa alipofika kwa Wofa alipiga kelele tangu getini. "Ee Maa! Gari halina gurudumu! Si uliniambia kwenye simu kwamba taa imezimika?"

Angeweza kumsingizia Gyasi. Nani angemuuliza Gyasi? Lakini alimwambia. "Ilizimwa. Mimi ndiye niliyesema izimwe. Nilichoka."

Pokuaa alimtazama sana. "Wewe? Wewe unayenipigia simu nikipiga chafya?"

"Mimi huyohuyo."

Jumapili, paipu mpya imefungwa na waya umeungwa, watoto wamekaa nyuma wanagombania dirisha, Pokuaa alishika ufunguo. Mama yake aliingiza kichwa dirishani.

"Usiwashe. Fungua swichi tu, uhesabu."

"Maa, nina miaka thelathini na moja."

"Hesabu."

"Moja. Mbili. Tatu."

Taa ya njano ikazimika yenyewe. Injini kimya, taa ya oili bado nyekundu.

Birago hakuondoa kichwa dirishani. "Tena," alisema.

Pokuaa akashusha pumzi, akarudisha ufunguo, akaanza upya. Safari hii na watoto nyuma walihesabu.