Tarehe Ishirini na Moja, Ubavu wa Mbuzi

Nistor alipiga ngumi kabla ya kusalimia. Ilimpata shemeji yake Sever kwenye pua, na damu ikarukia kalenda ya wageni iliyotandazwa mezani, juu ya picha ya maua ya zambarau yanayotoboa theluji.

"Hiyo ni ya mwaka jana," alisema Nistor. "Ya mwaka huu bado."

Karani Leontina alipiga yowe, akajibanza nyuma ya jiko la kuni. Sever alishika pua kwa mikono miwili. Yeye ndiye mwenyekiti wa utalii wa kata, tena kaka wa tumbo moja wa marehemu Veta, mkewe Nistor.

"Umerukwa na akili, shemeji! Hii ofisi ya serikali!"

"Futa tarehe."

"Tarehe gani?"

"Usinizungushe. Ishirini na moja. Kesho."

Karatasi ile ilikuwa imepanga mwaka mzima wa wageni: Machi maua, Mei kondoo wanapopandishwa mlimani, Julai nyasi zinapokatwa, Oktoba msitu unapogeuka rangi ya shaba. Kila safari na tarehe yake, na kila tarehe imepigwa chapa kama vile mbingu nazo zina saini ya mwenyekiti. Wageni kumi na wanne walikuwa wameshafika nyumba ya wageni, kesho asubuhi wapande kibanda cha juu. Njia ni moja, nayo hupita chini ya mteremko uitwao Ubavu wa Mbuzi.

Mwaka jana, tarehe hiyo hiyo, Veta alitangulia na sufuria na unga wa mahindi, awasongee wageni ugali. Wageni walichelewa kuamka, wakapona. Veta alipatikana siku ya tatu chini ya poromoko la theluji, shingo imegeukia mgongoni, mwiko bado mkononi. Nistor ndiye aliyemfukua, na ilimbidi avunje vidole vile ili autoe mwiko. Wakubwa walikuja na viatu vyao visafi, wakaandika: hali ya hewa isiyotarajiwa. Isiyotarajiwa na nani? Mchungaji yeyote wa kondoo wa bonde lile, kama Nistor, anajua kwamba theluji mpya ikifuatwa na upepo wa kusini, jua la adhuhuri likishapiga, pale si mahali pa kupita. Lakini mchungaji nani amwulize? Wakubwa hawafi kwa theluji. Theluji ina adabu, haiingii ofisini.

"Juzi imeanguka mpya," Nistor alisema. "Jana upepo wa kusini. Futa."

"Chungulia dirishani, jua hilo! Halafu siku yangu kwa Bibi Dochia ilikuwa tarehe sita. Iliwaka kuanzia asubuhi hadi jioni. Mwaka wangu umenyooka."

Huko kwao kila mtu hujichagulia siku moja katika zile tisa za mwanzo wa Machi, siku za Bibi Dochia, na hewa ya siku hiyo ndiyo atakayoishi nayo mwaka mzima. Watu huchagua kwa kucheka, mezani. Nistor hakuwahi kusikia aliyepeleka watu mlimani kwa jambo hilo.

"Sever. Tarehe ya wageni uliiacha pale kwa sababu siku yako iliwaka?"

"Mila zetu hizi, au siku hizi umekuwa mtu wa mjini?"

"Na mwaka jana?"

Sever alipanguza pua kwa mkono wa shati. "Mwaka jana nayo iliwaka," alisema.

Nistor alichomoa shoka mkandani, akaligeuza, akampiga mpini begani. Mfupa ulilia. Alimpiga tena mbavuni, mwenyekiti akapiga magoti, akafungwa mikono kwa kamba ya farasi. Nistor akaikunja kalenda na kuitia kifuani.

"Mzee Nistor, utafungwa!" Leontina alilia.

"Nifungwe. Waite polisi, mama. Wakifika watataka kahawa kwanza, wachemshie."

Alimburuta hadi kwenye gari la theluji, akamfunga kiunoni kwenye ubao wa nyuma, akamchapa Mura, farasi wake jike wa miaka kumi na minne. Saa tano ilikuwa imepita. Maji yalidondoka kutoka kwenye misonobari yote.

"Veta alikuwa akisema una kichwa cha kondoo dume," Sever alisema huku akitema damu.

"Alisema. Akanipenda nacho."

"Ukiniua, utakuwa umemuua kaka yake."

"Wewe ulimuua dada yako. Tutakuwa sare."

Chini ya Ubavu wa Mbuzi alimsimamisha farasi. Juu yao theluji ilining'inia nzito, ina mpasuko mwembamba wa buluu unaoanzia mwamba hadi mwamba.

"Kama panawafaa wageni, panakufaa na wewe. Tutakaa hapa mpaka saa saba."

Sever aliutazama ule mpasuko. Uso ukamwisha rangi. Nistor alipoinama kukaza kamba, teke lilimwingia tumboni, akaanguka chali, na shoka likamtoka. Sever alilidaka kwa mikono yake iliyofungwa, akalishusha. Nistor aliukinga uso kwa kiganja. Vidole viwili vya mkono wa kushoto vilibaki kwenye ubao wa gari. Hakupiga kelele. Aliinuka, akampiga kichwa mdomoni, meno yakavunjika kwa sauti ya karanga, na wakagaagaa humo, damu ya huyu juu ya huyu, wakiumana kama mbwa, mpaka Nistor akalipata shoka na kulinyanyua.

Hapo juu pakasikika kishindo, kama mlango wa ghala unaobamizwa.

Mura alikisikia kwanza. Alisimama kwa miguu ya nyuma. Nistor alikuwa na nafasi ya kukimbilia mwamba peke yake na kumwacha Sever pale, na tangu mazishi alikuwa ameiota nafasi hiyo hiyo. Akashusha shoka. Likakata kamba ya kiunoni. Akamshika Sever kwenye kola kwa mkono mzima, akamvuta, akamsukumia nyuma ya mwamba, akamwangukia juu.

Ulimwengu ulipita. Ulipotulia, njia haikuwepo. Mura hakuwepo. Mguu wa Sever ulikuwa umebanwa na jiwe, mfupa umetokeza nje ya suruali.

"Kwa nini?" Sever aliuliza alipomaliza kutapika.

"Veta angeniuliza uko wapi."

Nistor alifunga mkono wake kwa skafu, akatoa kalenda kifuani na penseli ya useremala kwenye kofia.

"Futa."

Mwenyekiti alifuta kwa mikono yake iliyofungwa, akatoboa karatasi.

"Andika pembeni: Machi hapana tarehe. Aulizwe mchungaji."

"Andika mwenyewe."

"Mimi darasa la nne, bwana. Msomi ni wewe."

Sever aliandika.

Kule chini wageni kumi na wanne walikuwa wamesimama nje ya nyumba ya wageni, wakilitazama wingu jeupe likishuka bondeni. Mmoja alikuwa amevua kofia. Watu walipanda na machela. Sever alipofikishwa chini akanyoosha kidole: huyu amenikata, huyu ametaka kuniua, mfungeni. La nani aliyekata kamba halikumtoka mdomoni.

Polisi walifika saa tisa, wakanywa kahawa. Leontina alikuwa ameshabandika tangazo mlangoni, limeandikwa kwa mashine na kupigwa muhuri: safari imeahirishwa kwa sababu ya hali ya hewa isiyotarajiwa. Nistor alilisoma polepole, neno kwa neno, pingu mkononi. Kisha akalitemea mate mekundu.

"Mzee Nistor," Leontina alimwuliza kwa sauti ya chini, akimfungia koti, "kwani siku yako kwa Bibi ilikuwa ipi?"

"Tisa."

"Ilikuwaje vile?"

"Mvua ya mawe," alisema Nistor, akapanda gari la polisi.