Unga wa Maganda

Mlinzi aliumimina mfuko wote juu ya meza ya getini. Maganda ya maembe yakatawanyika hadi kwenye daftari la wageni, bado mabichi, yakinukia. Kisha akaniuliza, bila kumtazama dada yangu aliyesimama hatua mbili tu kutoka nilipokuwa, kama namfahamu huyu mama.

Mlinzi huyo tulimwita Kufuli. Alijua fika kwamba mimi na dada tulinyonya ziwa moja. Lakini meneja alikuwa nyuma yake, mikono mfukoni, na Kufuli naye alikuwa na kibarua cha kulinda.

"Ni mfanyakazi wa kitengo cha uchambuzi," nilisema.

Dada alinitangulia kiwandani kwa miaka tisa. Kutwa nzima alitenga maembe mabovu na mazima kabla hayajaingia kwenye mashine ya juisi, na utomvu ulikuwa umemla viganja hadi vikawa na mabaka kama ramani. Nilipomaliza chuo ni yeye aliyeniombea kazi. Kila saa ya chakula alisimama mlangoni kwa meneja, siku ya kwanza, ya pili, ya tatu, mpaka mwenyewe akanikubali ili apate kula kwa amani.

Nikapewa chumba nyuma ya ghala, tanuri dogo, mizani, chupa chache, na agizo moja: litafutie kazi lile lundo. Maana nyuma ya kiwanda kulikuwa na mlima wa maganda uliovuta nzi wa dunia nzima, na wanawake wa jirani waliruhusiwa, hata kubembelezwa, kuyachota wakalishe mbuzi wao. Chuoni nilikuwa nimesoma kwamba ganda la embe lina ule umanjano ambao mwili huugeuza kuwa vitamini A. Kuutoa bila kuuharibu ndiyo ilikuwa shughuli. Miezi mitano nilikausha, nikasaga, nikapima. Unga ulitoka wa kahawia kama ugoro, na ndani yake karibu hamna kitu.

Jumapili moja nikaenda kumsalimia dada. Nilimkuta uani ameinamia sufuria, anachovya maganda kwenye maji yanayochemka, anahesabu polepole mpaka sitini, anayatupia kwenye maji baridi, kisha anayatandaza juu ya wavu chini ya upenu, pasipofika jua. Kitindamimba wake alikuwa amedhoofika mwaka ule, na dada alikuwa akimchanganyia unga huo kwenye uji. Alinionyesha kikopo. Ulikuwa wa manjano kama kiini cha yai.

Nilimwuliza kafundishwa na nani. Akacheka mpaka akashika ubavu.

"Wewe unayachoma, mdogo wangu. Hata mboga ya majani haikaushwi hivyo."

Akanipa kikopo kizima. Kesho yake nilikipima mara tatu kwa kutoamini. Umanjano uliobaki ulikuwa mara nne ya ule wa kwangu.

Wageni walikuja baada ya mwezi, watu wa suti na maswali. Dada ndiye aliyetumwa kuleta sinia la sampuli. Mmoja wao alionja unga kwa ncha ya kidole, akataka kujua wazo la kuchovya kwanza kwenye maji moto nililitoa wapi. Dada alikuwa bado mlangoni na sinia lake. Nakumbuka alijiweka sawa kitenge, kama mtu anayejua sasa hivi ataitwa mbele.

"Ni matokeo ya majaribio mengi," nikajibu.

Hakuitwa mtu. Aliweka sinia, akatoka, akaufunga mlango taratibu. Jioni hakuniuliza lolote, nami nikajifariji kwamba hakusikia. Mtu akitaka kujidanganya hakosi msaada.

Wiki iliyofuata lundo lilizungushiwa uzio, na tangazo likabandikwa getini: maganda na makapi yote ni mali ya kiwanda. Maneno ya tangazo lile niliyaandika mimi. Wanawake wa mbuzi walilisoma, wakarudi na ndoo tupu. Dada yeye aliendelea kuchota. Sidhani alikusudia kuiba. Nadhani hakuamini tu kwamba tangazo lilimhusu na yeye.

Ndiyo maana siku ile niliitwa getini. Fomu ya Kufuli ilitaka mtaalamu athibitishe kwamba mzigo uliokamatwa una thamani. Bila hivyo ungekuwa uchafu, na hakuna anayefukuzwa kazi kwa kubeba uchafu. Ningeweza kuandika neno hilo moja. Meneja alininyooshea kalamu. Nilimtazama dada, nikidhani atalia, au atanitukana.

"Andika," alisema. "Tangu utoto una mwandiko mzuri."

Nikaandika.

Unga ule uliuzwa sana. Nilihamishiwa ofisi yenye zulia. Dada alifua nguo za watu, na yule kitindamimba akakua, akaolewa, akazaa. Habari hizo nilizipata kwa watu, vipande vipande, kama za msiba wa mbali.

Ilinichukua miaka kumi na tisa kubisha hodi kwake. Alinikaribisha, akanipa kiti na maji ya kunywa, akaendelea kuchambua choroko kwenye ungo. Nikasema yote niliyokuwa nayo. Nilikuwa nimejiandaa njia nzima, na bado yalitoka yamevunjikavunjika. Alinisikiliza hadi mwisho.

"Nilikusamehe wiki ileile," alisema. "Ningefuaje nguo za watu na kinyongo juu?" Akatupa kijiwe. "Ila wajukuu wanakaribia kutoka shule. Sijawahi kuwaambia kwamba nina ndugu."

Nikainuka. Hakunisindikiza.

Nje nilikutana nao, wawili, mabegi mgongoni, wakanipisha njia.

"Shikamoo."

"Marahaba."

Yule mkubwa akaniuliza kama namtafuta bibi yao.

"Hapana," nikamwambia. "Nimekosea nyumba."